Kabla mgonjwa hajakata kauli: wodini, nyumbani mjini au kihambani?

Swali huja kwa simu, mara nyingi usiku, na karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Dada, daktari kasema hakuna namna. Tumwache hospitali au tumrudishe nyumbani?"

Mimi si daktari wala nesi. Ni mama wa hapa Moshi niliyeuguza watu wangu wawili mpaka mwisho: mama mzazi wodini, na baba mkwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba lenye nyumba, huko mlimani Kibosho. Katikati yao nilimsaidia jirani yetu wa Pasua aliyemuuguza mumewe kwenye chumba na sebule. Tangu hapo watu wanapeana namba yangu. Nimeketi vikao vya kutosha kujua kwamba swali hilo hufika likiwa nusu. Nusu ya pili ni hii: nani ataongea na mgonjwa, na lini? Kila mahali pana maneno yanayosemeka na yasiyosemeka. Mgonjwa akishakata kauli, awe amelala wodi ya daraja la kwanza au chini ya mgomba, hamtapata neno lake tena.

Kwa hiyo nazilinganisha sehemu hizo tatu kwa mambo manne: maumivu, usiku, fedha na nafasi ya kuongea. La nne ndilo nalipima kwa uzito zaidi, na nakiri mapema kwamba hapo naegemea upande.

Wodini

Uzuri wa wodi ni kwamba kuna wa kumwita. Mgonjwa akibanwa pumzi saa nane za usiku, oksijeni ipo na nesi yuko hatua chache. Kwa anayetoka damu nyingi, anayepata degedege, au ambaye maumivu yake bado hayajapata dawa ya kuyatuliza, msiwe na haraka ya kumtoa. Hapa Moshi wengi wanafikia KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, au Mawenzi pale mjini, ambayo ni ya rufaa ya mkoa. Wa Arusha wanayo Mount Meru, na wanazo Selian na ALMC, hospitali za Kanisa la Kilutheri, KKKT.

Taabu ya wodi ni faragha. Hospitali kubwa ni za kufundishia. Raundi ya asubuhi ina daktari bingwa, madaktari walio mafunzoni na wanafunzi wenye madaftari, wote wamezunguka kitanda kimoja, na vitanda vya jirani vimetega masikio. Ukiuliza pale, "Daktari, mzee atapona?" utapata jibu fupi, na mzee atalisikia kabla hajaandaliwa kulisikia. Subiri raundi iishe. Omba dakika kumi na chumba, hata kama ni kile cha kufungia vidonda. Nendeni wawili, mmoja asikilize na mwingine aandike, kwa sababu baada ya sentensi ya kwanza masikio huziba.

Maswali niliyoona yanafaa ni matatu. Matibabu haya yanaponya au yanatuliza? Kipimo hiki kikirudi, kitabadilisha nini? Ungekuwa unahesabu muda uliobaki, ungehesabu kwa miaka, miezi, wiki au siku? Hili la tatu madaktari wengi hulijibu kwa urahisi zaidi kuliko "ana siku ngapi", maana halimlazimishi mtu kutaja tarehe anayoijua Mungu.

Upande wa fedha, kila kukicha bili inaongezeka: kitanda, vipimo, dawa, na nauli na chakula cha anayeuguza, ambazo hakuna anayeziandika. Ila kuna safari moja ambayo familia huikataa bila kuielewa. Mgonjwa wa saratani anaambiwa aende mbali kwa mionzi, tuseme Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ndugu wanasema "si mmesema haponi, tunaenda kufanya nini?" Mionzi hutolewa pia kwa ajili ya kutuliza. Saratani iliyoingia kwenye mfupa inaweza kupunguzwa ukali kwa mionzi michache, wakati mwingine mara moja tu. Ulizeni kwanza safari ni ya nini, ndipo mkatae au mkubali.

Mama yangu alikufa wodini, katika hospitali moja nje ya mkoa huu. Sikuwa na ugomvi na dawa zake. Siku tisa sisi watoto tulipishana mlangoni tukinong'onezana, "Usimwambie mama." Tunaingia tunatabasamu, tunamwambia ukitoka tutakupeleka Marangu kwa dada yako, tunatoka tunalia kwenye ngazi. Baada ya mazishi, siku ya tatu, alikuja mama mmoja na fimbo yake, hatumjui. Kumbe alikuwa kitanda cha pili. Akasema mama alikuwa akimwambia kila usiku, "Wanangu hawajajua kama nakufa. Usije ukawaambia, watashindwa kula." Dada yangu mkubwa alitoka nje akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa na hakurudi ndani mpaka giza.

Najua wodi haikutukataza kuongea. Lakini haikutusaidia pia: saa ya kuona wagonjwa ni fupi, wageni ni wengi, na jambo zito halianzi wakati kengele inakaribia.

Nyumbani mjini

Hapa nazungumzia nyumba iliyo umbali wa bajaji kutoka hospitali: Pasua, Majengo, Soweto, Rau, Kiboriloni. Kwa maoni yangu ndiyo njia ambayo haipewi heshima yake. Wengi wanafikiri kuna hospitali au kuna mlimani, basi. Mgonjwa akiruhusiwa, gari moja kwa moja Marangu.

Mume wa jirani yetu alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwishafika kwenye mifupa ya mgongo. Walikuwa wapangaji. Hofu ya kwanza ya mkewe haikuwa kifo, ilikuwa mwenye nyumba: "Akifia humu ndani tutafukuzwa." Nilikwenda naye kwa mwenye nyumba, tukamwamkia, tukamweleza. Yule mzee akasema hata yeye atafia mahali. Mazungumzo hayo yalichukua muda mfupi kuliko tuliotumia kuyaogopa.

Kilichoifanya nyumba ile ifae ni tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, yeye na watu wake. Kwa Arusha, Selian wamekuwa na huduma hiyo tangu 1999, na timu yao huwafuata wagonjwa majumbani. Baadaye ikaenea kwenye hospitali nyingine kadhaa za KKKT. Popote mlipo, kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa, ulizeni kwa jina hilohilo: "Hapa kuna tiba shufaa?" Mkisema "huduma ya nyumbani" mnaweza kupelekwa dirisha lingine kabisa.

Nesi alikuja na chupa ya morfini ya maji na sindano isiyo na mwiba. Akamfundisha mke kuvuta kipimo, kukipitisha kwenye mwanga wa dirisha aone mstari, na kumpa mgonjwa pembeni ya mdomo. Morfini ya maji inadumu kama saa nne, hivyo ratiba ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili saa nane ya usiku wote walale. (Kwa saa zetu ratiba hii haisahauliki: kumi na mbili, nne, nane, inarudi ilikoanza.) Ilibandikwa ukutani kwa unga wa ngano, na kila kipimo kiliwekewa alama kwa penseli. Dawa yenyewe ilifungiwa kwenye sanduku la nguo, ufunguo shingoni mwa mke.

Morfini ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Nimesikia msibani watu wakisema "ile dawa ndiyo imemmaliza." Ikitolewa kwa kipimo sahihi, ikipandishwa taratibu kufuata maumivu, haiui na haimharakishi mtu. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu, kisha hupungua. Lisilopungua ni choo kigumu, ndiyo maana morfini bila dawa ya kulainisha choo ni kazi nusu. Msiondoke dirishani na chupa moja, ulizeni ya pili. Kilichoileta karibu na watu wa kawaida katika eneo letu ni kazi iliyofanyika Kampala, ambako Daktari Anne Merriman alianzisha huduma mwaka 1993 akitumia morfini inayochanganywa kutoka unga, kwa gharama ndogo, inayonywewa nyumbani bila sindano ya mshipa.

Maumivu yakishatulia, mtu anaongea. Hilo ndilo nililoliona Pasua. Wiki nzima kabla ya dawa yule baba alikuwa hasemi ila "aah" na kumgombeza mkewe. Siku ya nne ya morfini akaomba chai ya tangawizi, akamwita kijana wake, akamtajia wanaomdai na anaowadai, mmoja mmoja, hadi shilingi elfu sita ya muuza mkaa. Kisha akamwomba mkewe msamaha kwa jambo ambalo sikuambiwa, na sikuuliza.

Walikuwa Waislamu. Shehe wa msikiti wa jirani alikuja alasiri kadhaa kukaa naye tu, na siku ya mwisho akamlakinia shahada, yaani akamtamkia ili aifuate, taratibu bila kumsumbua. Alizikwa siku hiyohiyo. Ukaribu wa hospitali, msikiti na makaburi ulikuwa na faida ambayo mlimani usingeipata.

Taabu ya mjini ni nafasi na mikono. Chumba ni kimoja, watoto wanasikia kila kitu, muziki wa grosari unapiga mpaka usiku, na ndugu wako mbali. Mke alibaki peke yake saa nyingi. Kama hakuna watu wawili wa kupokezana, anayeuguza ataanguka kabla ya mgonjwa.

Kihambani

Huku ndiko moyo wa Mchaga unakovuta, na siubezi. Mtu anataka kufa mahali kitovu chake kilipozikwa, asikie migomba ikipigana na upepo, ajue atalala hatua chache kutoka mlango wake. Kwa walio Dar es Salaam kuna hesabu nyingine pia: kumleta akiwa hai, ameketi, anaona Same na Mwanga dirishani, ni tofauti sana na kukodi gari la kubeba jeneza. Wanaoniuliza "tumlete lini?" nawajibu: mleteni wakati bado anauliza nani atamwagilia kahawa.

Lakini kihamba kinadanganya. Kinaonekana kina watu wengi, na kweli wapo, ila wengi ni wageni, siyo wauguzaji. Baba mkwe alipanda nyumbani mwezi wa nne, masika imekolea, ini limeharibika, tumbo limejaa maji. Barabara ya juu ilikuwa tope. Gari liliishia kanisani, akabebwa kwa kiti na vijana wanne. Dawa iliisha siku ya Ijumaa jioni, na Jumamosi nzima tulitegemea bodaboda mmoja aliyeanguka mara mbili njiani na chupa mfukoni. Kama mnapanda, hesabuni dawa ya wiki mbili, si ya siku tano. Na tafuteni kabla ya yote mahali simu inaposhika mtandao, mwekee mtu zamu hapo.

Mzigo wa kazi uliniangukia mimi na wanawake wenzangu wa nyumba ile. Niseme wazi. Kikao kilikaa uwanjani saa kumi, wanaume kumi na wawili, na mengine yakaamuliwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako anayetuma fedha nyingi ndiye anayesikika. Waliamua mzee "auguzwe nyumbani kwa heshima." Saa mbili usiku wote walikuwa wameondoka, na heshima hiyo ilikuwa ni kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, kubadilisha shuka, kumfuta midomo kwa kitambaa chenye maji, na kufua na mvua haikatiki. Kikao chochote cha kumpandisha mgonjwa kimuulize kwanza mtu atakayefua.

Halafu kuna chakula. Kila jirani alikuja na mtori. Baba alikuwa hawezi tena, na mama mkwe akawa anamshika kidevu, "Kula baba, kula upate nguvu." Nesi alipofika alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole: hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu mwili unafunga kazi. Mtori wa kulazimishwa unaweza kuingia kwenye njia ya hewa ukamkaba. Mama mkwe alikaa kimya, kisha akauliza sasa yeye afanye nini. Nesi akampa kijiko kimoja cha maji na mafuta ya kupaka midomo. Alifanya kazi hiyo siku zote zilizobaki, na alikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo lililotokea kule ambalo wodini lisingetokea. Baba mkwe na kaka yake walikuwa hawasalimiani miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Mpaka wenyewe ni wa masale, mimea ya majani marefu, kama mipaka mingi ya mlimani. Na isale, wanaojua wanajua, ndilo pia mtu analobeba akienda kuomba msamaha, na si rahisi kulikataa. Asubuhi moja mzee yule alikuja, kofia mkononi, na jani la isale lililofungwa fundo. Alilichuma kwenye mpaka uleule. Hakusema mengi. Aliliweka kifuani pa mdogo wake juu ya blanketi. Baba mkwe alilishika, akalipapasa fundo kwa kidole gumba, akasema kwa Kichaga maneno mawili, na kaka yake akavuta kigoda akakaa. Alikaa mpaka saa sita, sisi tukipika. Hatukujua walichozungumza, ila jioni baba aliomba padri aitwe.

Kumwambia, na nani aseme

Ndugu wengi huniambia, "Tukimwambia atakata tamaa afe haraka." Nimeona kinyume chake mara nyingi: mgonjwa anajua, anatulinda sisi, kama mama yangu. Lakini sisemi kila mtu abebeshwe kila neno. Wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Namna ya kutofautisha ni kumuuliza yeye. "Baba, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Kisha nyamaza. Kama anajibu "nadhani safari imekaribia", umeshaambiwa, kazi yako ni kumjibu "niambie unachofikiria", siyo "shindwa, usiseme hivyo!" Kama anajibu "mambo ya ugonjwa muulize mwanangu wa kwanza", basi amechagua mtu wa kubeba habari. Mheshimuni, na mwulizeni tena baada ya siku kadhaa, maana watu hubadilika.

Daktari ndiye wa kueleza ugonjwa. Asiachiwe kueleza peke yake, kwa sababu lugha yake ni ya ogani na hatua, na anaondoka baada ya dakika kumi. Nesi wa tiba shufaa ana muda zaidi na amefundishwa kunyamaza, kitu ambacho sisi ndugu hatukijui. Ukiweza kumpata mmoja tu, chukua huyu.

Kiongozi wa dini anagusa mahali ambapo wawili hao hawafiki. Tatizo ni kuchelewa kumwita. Kwa Wakatoliki, sakramenti ya mpako ni ya wagonjwa, si ya mahututi peke yao, lakini familia zinaogopa: padri akionekana getini, majirani wataanza kuchangishana. Matokeo yake anaitwa wakati mgonjwa hawezi hata kuungama. Upande mwingine wapo watumishi wanaoahidi uponyaji kiasi kwamba anayezungumzia kufa anaonekana hana imani. Nimemwona mgonjwa akinyimwa nafasi ya kuaga kwa sababu hiyo. Mwombeeni apone, na hapohapo mwachieni nafasi ya kusema kwaheri. Sala haiharibiwi na kuaga.

Kisha yupo shangazi, mjomba, au rafiki wa zamani. Huyu mimi humpa nafasi ya pili baada ya nesi. Mtoto hawezi kumuuliza baba yake kama ana hawara mwenye mtoto; rika lake anaweza, na kwa utani. Chagueni yule ambaye mgonjwa hucheka akiwa naye, siyo lazima mkubwa wa ukoo.

Daktari Cicely Saunders wa Uingereza, aliyefungua St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya watu na mali zake, na ya roho, yote kwa pamoja. Nikikaa kwenye kikao huwa nahesabu kimoyomoyo: la kwanza lina nesi, la pili lina nani, la tatu lina nani, la nne lina nani? Mara nyingi la tatu halina mtu, wakati ndilo linalowasha moto baada ya mazishi.

Kuhusu hilo la mali, kwa ufupi: wosia wa maandishi uwe na tarehe, sahihi ya mwenyewe akiwa na akili timamu, na mashahidi wasiopungua wawili ambao si warithi. Wosia wa mdomo kwa sheria za kimila unahitaji mashahidi wanne, wawili ndugu na wawili si ndugu. Mwislamu anausia hadi theluthi moja, iliyobaki inafuata mirathi. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kutunza wosia. Mtu anayetetemeka mkono husaini kwa shida, kwa hiyo hili nalo lina tarehe ya mwisho wake.

Kwa hiyo uchague lipi?

Maumivu hayajatulia, au kuna kitu cha ghafla kinachohofiwa: wodini, mpaka kitulie. Yametulia, kuna tiba shufaa ya kuwafikia, lakini mikono ni michache au masika imefunga barabara: mjini, hata kwa kupanga chumba cha mwezi mmoja karibu na ndugu. Mgonjwa mwenyewe anataka kihambani, dawa ya wiki mbili ipo, wapo wanawake na wanaume wawili watatu watakaolala pale kwa zamu: pandeni, na mpande mapema. Mimi nikipewa nichague leo, naanza mjini wiki kadhaa, nasawazisha dawa, nafanya mazungumzo, ndipo nampandisha. Baba mkwe tulimpandisha moja kwa moja kutoka wodini, na Jumamosi ile bila dawa sijaisahau.

Kifo cha nyumbani kinaripotiwa kwa mtendaji wa kijiji au kata, na kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Mwekeni mtu mmoja wa jambo hilo, asiwe anayelia sana.

Baada ya maturubai kushushwa

Kwenye matanga hatuna mpinzani. Kamati, daftari la rambirambi, sufuria, kwaya, watu wamelala kwenye mikeka. Wiki moja mfiwa hayuko peke yake hata chooni. Kisha watu wanaanua matanga, magari yanarudi Dar es Salaam, na mjane anabaki na viti vya kukodi vinavyosubiri kurudishwa.

Nikiwalinganisha wajane wawili, jirani yangu wa Pasua na mama mkwe, yule wa Pasua alikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho: eda, kipindi cha mjane wa Kiislamu cha miezi minne na siku kumi. Ina masharti, ndiyo, ila kila mtu alijua yuko katika nini, na hakuna aliyemtarajia achangamke. Mama mkwe baada ya wiki mbili aliambiwa "mama, jikaze sasa." Jumuiya yao ndogondogo ilimwokoa kwa kiasi: walisali nyumbani kwake kila wiki kwa muda, kisha zamu ikahamia nyumba nyingine. Kikundi chake cha kufa na kuzikana kililipa jeneza na chakula, kikamaliza kazi yake. Kinafanya vizuri kilichoahidi, na hakikuahidi wiki ya sita.

Wiki ya sita ndiyo ninayowaambia watu waiandike kwenye kalenda. Nendeni bila sukari wala mchele, kaeni, mtajeni marehemu kwa jina. "Meku angekuwepo angesema nini kuhusu hii mvua?" Wafiwa wengi wanaogopa kwamba jina limeshaacha kutajwa.

Watoto wasiambiwe "babu amesafiri." Mjukuu wetu wa miaka sita aliambiwa hivyo, na wiki tatu mfululizo alikuwa anakwenda kukaa getini gari likisikika. Nilimwambia ukweli mimi: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, tumemzika pale. Alilia kidogo, akauliza kama kule chini kuna giza, akaenda kucheza. Baadaye akarudi kuuliza tena, na tena.

Mshauri nasaha wa hospitali mtu haendi kwake kwa kila msiba. Lakini mfiwa akipita miezi bila kulala wala kula, akiacha kujihudumia, akianza kunywa tangu asubuhi, au akisema anataka kumfuata marehemu, msimwite mchungaji peke yake. Mpelekeni hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, mtu mmoja abaki naye mpaka aonwe, na dawa zote zilizobaki za marehemu, hasa ile chupa ya morfini, zirudishwe zilikotoka. Ya kwetu ilikaa kabatini siku kumi na mbili kabla sijaikumbuka.